Saa Sita za Kwenda, Miaka Kumi ya Kurudi

Kutoka Boston hadi Shannon ndege huchukua saa sita. Kurudi huchukua saba, maana upepo wa huko juu ya bahari huvuma kutoka Marekani kwenda Ayalandi, na anayerudi Boston lazima apambane nao njia nzima. Maili ni zile zile, elfu mbili na mia tisa. Watu wa Carna, kijiji cha pwani ya Ayalandi, wanayajua haya tangu utotoni, kwa kuwa kule hakuna nyumba isiyo na mtu wake Boston.

Dervla Conneely aliyajua pia, ila yeye alikuwa na hesabu yake ya pembeni. Aliingia Marekani kwa ruhusa ya miezi mitatu, akakaa miaka kumi na mmoja. Mtu wa namna hiyo akitoka, mlango hufungwa nyuma yake, na haufunguliwi mpaka ipite miaka kumi. Kwenda saa sita, kurudi miaka kumi. Alikuwa ameizoea hesabu hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Ana miaka thelathini na nne, ana kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa mtaa wa tatu kutoka kwake, ana mwanamume anayempenda, na tarehe tisa Mei walikuwa waoane. Baada ya ndoa angepata karatasi zake, na hesabu ile ingekufa yenyewe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka asubuhi ya Jumanne moja ya Februari, simu ilipolia jikoni kwake Dorchester, mtaa mmoja wa Boston.

Alikuwa kaka yake, Pádraic. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Mtu akipiga simu kutoka Carna siku ya kazi, saa za mchana za kule, Dervla alijua kabla hajasikia.

"Baba katutoka," alisema Pádraic. "Alfajiri, usingizini. Mama alipokwenda na chai akamkuta hivyo."

Dervla akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea jokofu. Hakulia. Aliuliza vitu vidogo vidogo, kama mama amekula, kama jirani wameshafika. Pádraic akamjibu kila kimoja, kisha akaja kwenye lile alilopigia simu.

Kule Carna maiti hulala nyumbani siku mbili, jeneza likiwa wazi sebuleni, majirani wanaingia na kutoka, birika la chai halipoi. Na kabla padri hajapanga saa ya misa, familia huulizwa swali moja: kuna anayekuja kutoka ng'ambo? Akiwapo, jeneza halifungwi mpaka ndege ya Boston itue Shannon na mtu huyo afike, avue koti, amwone marehemu usoni. Hata mvua ikinyesha mawe, watasubiri.

"Misa ni keshokutwa, Alhamisi saa tano," alisema Pádraic. "Padri kaniuliza lile swali. Nimemwambia anipe mpaka jioni. Sasa nakuuliza wewe, dada. Tusubiri ndege, au tusisubiri?"

Dervla akamwomba ampe mpaka jioni.

Cathal Mannion alifika robo saa baadaye na mkate wa moto, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikuwa seremala, mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao lisilotoka kwenye nyusi. Wazazi wake walitoka Mayo, huko huko Ayalandi, lakini yeye alizaliwa papo hapo Dorchester. Alimkuta Dervla bado yuko sakafuni. Akasikiliza habari ya msiba na ya misa. Aliweka mkate mezani, akakaa chini karibu naye, akamshika mkono ule wenye saa.

Saa hiyo ilikuwa na kisa chake. Mzee Máirtín, baba yake Dervla, ndiye aliyemfungia mkononi pale Shannon siku ya kuondoka, akamwambia asiibadilishe kamwe, ili huko aliko ajue nyumbani wanakula saa ngapi na wanalala saa ngapi. Kwa miaka kumi na mmoja saa ile haijasoma saa za Boston hata siku moja. Ilikuwa mbele saa tano, na Dervla alikuwa akitoa tano kila akitaka kujua saa za hapa. Cathal alikuwa akimtania kwa hilo. Akimuuliza ni saa ngapi, huongeza papo hapo, "Za hapa au za mzee?" Siku hiyo hakuuliza.

Na mzee mwenyewe hakuwa amempenda Cathal. Hakuwahi kumwona, lakini alikuwa na sababu moja iliyomtosha: Cathal alikuwa ameshaoa, akaachana na mkewe, na ana binti, Orla, mwenye miaka tisa. Kwa mzee Máirtín, mume aliyeachana bado alikuwa mume wa mtu. Miaka miwili nyuma Dervla alipompa habari za uchumba, mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo Dervla alikuwa akiyasikia hata akiwa anaosha vyombo. "Ukiolewa na mume wa mtu, usinipigie tena simu." Akakata.

Tangu hapo hawakuwa wamezungumza. Dervla aliandika barua saba, hakujibiwa hata moja. Harusi iliahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili, kwa sababu bibi harusi alitaka kwanza baba aseme neno. Safari hii ya tatu alikuwa ameamua kuolewa bila neno, na hata hivyo kila postamani akipita, alichungulia dirishani.

"Unataka kwenda," alisema Cathal hatimaye.

"Nataka kumwona kabla hawajamfunika."

"Na mimi nataka uende. Nisingekuwa binadamu kama nisingetaka." Akauachia mkono wake taratibu. "Ila ukienda hurudi, Dervla."

"Najua."

"Orla atakuwa na miaka kumi na tisa."

"Cathal, najua kuhesabu."

Ndipo ugomvi ulipoanza. Walikuwa watu wawili wasiojua kugombana. Sauti zao zilishuka badala ya kupanda. Cathal alisema waende wakafunge ndoa wiki hiyo hiyo. Dervla akamkumbusha kwamba karatasi huchukua miezi, na baba yake anazikwa keshokutwa. Cathal akasema atamfuata Carna, kule nako kuna nyumba na milango inayotaka seremala. Dervla akamuuliza Orla atamwacha na nani. Mahakama ilimpa Cathal mtoto wake Ijumaa mpaka Jumapili tu, na siku hizo tatu zilikuwa roho yake. Cathal alisimama, akaenda dirishani, akawa anaangalia theluji chafu ya barabarani.

Kisha akasema lile ambalo pengine alikuwa amelimeza kwa miaka miwili.

"Tungeoana ile mara ya kwanza, leo ungekuwa na karatasi zako. Ungepanda ndege kesho, ukamzika mzee, Jumapili ukarudi hapa tukanywa chai. Ulikaa unasubiri ruhusa ya mtu ambaye hakutaka hata kukusikia. Na mimi nikakaa ninakusubiri wewe. Sasa tazama."

 Lilikuwa kweli, na kwa kuwa ni kweli lilizidi kumchoma Dervla. Cathal alijuta kabla hajamaliza kulisema. Alirudi akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa mapajani mwake, na Dervla akawa anamtoa vumbi la mbao kwenye nywele, chembe moja moja, huku machozi yakimdondokea mwanamume huyo shingoni. Walikaa hivyo mpaka mkate ukapoa.

Cathal alipoondoka kwenda kazini, Dervla alikuwa karibu ameamua. Angebaki. Watu wengi wa kwao wameshazikiwa wazazi wao wakiwa Boston. Huwasha mshumaa, huomba misa kanisani kwao Dorchester, na maisha huendelea. Baba alikuwa amemkataa mwenyewe. Kwa nini atupe maisha yake yote kwa ajili ya mtu aliyekata simu?

Saa nane mchana mama yake, Bibi Nóra, akapiga simu.

Bibi Nóra hakuwa mtu wa kulia kwenye simu. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemimina chai tangu asubuhi. Alisema amemsikia Pádraic akimsumbua kwa habari za ndege, na amemgombeza.

"Usije, mwanangu," alisema. "Nakwambia mimi mama yako. Usije."

"Watu watasemaje, mama?"

"Watu watakunywa chai yangu na kusema watakalo. Wewe una harusi Mei. Una mtu anayekupenda, na yule mtoto unayemsuka nywele. Usiache hayo kwa ajili ya kuja kukaa kwenye benchi la kanisa siku moja."

Dervla akasema kwa sauti ndogo kwamba hakupatana na baba. Kwamba ndiyo maana.

"Kama ni hilo, basi lala usingizi," alisema mama. "Baba yako alishapatana na wewe zamani. Alishindwa kusema tu. Unamjua alivyokuwa."

"Alikwambia?"

"Angeniambia mimi? Thubutu. Bríd wa posta ndiye aliyeniambia."

Mzee Máirtín alikuwa dereva wa teksi pekee Carna aliyekubali kuendesha mpaka Shannon. Kwa miaka ishirini ndiye aliyewapokea watoto wa watu waliotoka Boston, kwa harusi na kwa misiba, na ratiba ya ndege ile aliijua kuliko sala ya jioni. Sasa mama alieleza, polepole, kwa nia ya kumpumzisha bintiye. Alisema kwamba katika miaka hii miwili ya mwisho mzee alikuwa na tabia. Akishawapokea wageni wake na kuwapakia garini na mizigo yao, alikuwa akisema kasahau mwavuli, au anataka gazeti, akarudi ndani. Wageni walikaa kwenye baridi wakinung'unika. Siku moja Bríd, aliyekuwa mmoja wa wageni hao, alimfuata kumharakisha. Akamkuta amesimama pale mlango wa wanaowasili, kofia mkononi, akiwatazama waliobaki wakitoka mmoja mmoja, mpaka akatoka wa mwisho na mlango ukajifunga. Halafu akavaa kofia na kwenda garini.

"Alijua huwezi kuja," alisema mama. "Hakuwa mjinga. Alikuwa anaangalia tu. Bríd anasema kamwona hivyo si mara moja. Kwa hiyo usijitese, Dervla. Hakuwa na kinyongo na wewe. Kaa kwako, mama, uolewe."

Bibi Nóra alidhani amemfungua binti yake kamba. Upande wa pili wa simu Dervla alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Aliona ule mlango, aliona kofia mkononi, na aliona jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akichungulia postamani dirishani. Walikuwa wamesubiriana miaka miwili, huyu mlangoni, huyu dirishani, na bahari katikati, na hakuna aliyetaka kutangulia.

"Mama," alisema alipoweza, "mwambie Pádraic asubiri ndege."

"Dervla."

"Kanisubiri sana yule mzee. Nisipotoka kwenye ule mlango keshokutwa, sitaweza tena kumtokea mtu anayenisubiri."

Mama hakubisha. Nyuma yake sauti za majirani zilisikika zikisali rozari kwa lugha ya nyumbani. Kisha akasema kwa upole kwamba atamtandikia kitanda kile cha karibu na jiko, akakata simu kabla mwanawe hajamsikia akilia.

Cathal alimpeleka uwanja wa ndege Jumatano saa kumi jioni, kwa gari lake la kazi lenye ngazi juu. Alikuwa ameambiwa habari za mlango wa Shannon usiku uliotangulia, na baada ya kuzisikia hakumwomba tena abaki. Hilo ndilo lililomuumiza Dervla zaidi. Angemwomba, angepata mtu wa kumkasirikia.

Sanduku lilikuwa moja. Miaka kumi na mmoja ya Boston iliingia kwenye sanduku moja na mfuko wa mkononi. Vikombe, mapazia na viatu vya theluji alimwachia mpangaji wa ghorofa ya juu. Gauni la harusi lilikuwa bado kwa fundi, halijapindwa, na hakuna kati yao aliyelitaja.

Kwenye foleni ya tiketi watu wengi walikuwa wa kwao. Waliongea kwa sauti, walibeba mikoba iliyojaa zawadi, na Dervla alijua kwamba karibu wote wana tiketi ya kurudi. Binti wa kaunta alimuuliza kama yake ni ya kwenda tu. Dervla akaitikia kwa kichwa. Cathal akageuka akajifanya anasoma ubao.

Walipofika pale ambapo asiye na safari hawezi kuvuka, Dervla alianza kuvua pete.

"Usinifanyie hivyo hapa," alisema Cathal.

"Nakupa nafasi."

"Sijakuomba nafasi."

"Nisikilize, mpenzi. Wewe una miaka thelathini na nane. Utakuja kunitembelea kiangazi wiki mbili, halafu mwaka unaofuata wiki moja, halafu gari litaharibika au Orla ataumwa, nami nitakaa nahesabu siku. Sitaki uwe mume wa wiki mbili. Sitaki ukae miaka kumi unaangalia mlango. Nimeona inavyowafanya watu. Usinisubiri."

Cathal aliichukua ile pete, akaitazama kiganjani kana kwamba ni msumari aliouokota asijue umetoka ubao gani. Kisha akamshika Dervla mkono akairudisha kidoleni.

"Hiyo ni yako hata ukiitupa baharini," alisema. "Na kusubiri ni kwangu mimi. Huwezi kunipangia."

Dervla akamkumbatia. Koti lake lilinuka mbao mbichi na gundi, harufu ya asubuhi zote za miaka minne. Alitaka kuivuta yote iishie ndani yake. Walikaa hivyo mpaka mlinzi akakohoa, akawaomba kwa heshima wapishe njia.

"Jumamosi Orla atakuja na kitana chake," alisema Cathal, uso wake bado uko kwenye nywele za Dervla. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekwenda kumzika baba."

"Na akiniuliza unarudi lini?"

Dervla alifikiri. Hakutaka kumdanganya mtoto.

"Mwambie kurudi ndege inachukua saa saba," alisema. "Ndivyo inavyochukua. Upepo unakuwa mbele."

Akachukua mfuko wake, akavuka. Alijiapiza asigeuke, akageuka mara tatu. Mara ya tatu Cathal alikuwa bado amesimama, amevua kofia yake ya sufu, ameishika kwa mikono miwili kifuani, akimwangalia. Dervla hakuwa amemwambia habari za kofia ya mzee. Alimsimulia mlango tu. Akashika ukuta, akaendelea kwenda.

Ndani ya ndege alipewa kiti cha dirishani, karibu na mama mmoja wa makamo wa Galway aliyekuwa ametoka kumwona mjukuu. Mama huyo alikuwa mwongeaji. Kabla mikanda haijafungwa alishaeleza uzito wa mtoto na tabia za mkwe wake, kisha akamwuliza Dervla kama anakwenda nyumbani. Dervla akasema ndiyo, kuna msiba, baba yake. Mama akafanya ishara ya msalaba, akamfinya mkono kwa huruma. Kisha akauliza, kama mtu yeyote mwema anavyouliza, anarudi lini Boston.

Dervla alisema hajui bado, akageukia dirisha.

Ndege ikaruka saa moja na robo jioni. Taa za mji zikainama, zikawa chache, zikaisha, pakabaki maji meusi. Rubani akawakaribisha, akasema ana habari njema. Leo upepo uko nyuma yao na una nguvu sana. Badala ya saa sita watafika kwa saa tano na dakika ishirini. Abiria wakafurahi. Mama wa Galway akasema hiyo ndiyo baraka, watawahi chai. Katika ndege nzima Dervla pekee ndiye aliyeuomba ule upepo utulie, umpe walau zile dakika arobaini.

Akatazama saa yake. Ilisoma saa sita na nusu usiku, kama ilivyotakiwa isome nyumbani. Kule sebuleni kwao mshumaa ulikuwa unawaka karibu na kichwa cha mzee, na Pádraic alikuwa amelala na nguo zake tayari kwa safari ya alfajiri ya kwenda kumpokea. Miaka kumi na mmoja saa ile ilikuwa imefanya kazi iliyotumwa. Kesho asubuhi haingekuwa na kazi tena, maana angekuwa huko huko inakoelekeza.

Aliuvuta ule msumari mdogo wa pembeni mwa saa, wa kurekebishia mishale. Akaanza kuizungusha mishale nyuma, polepole, saa sita, saa tano, saa nne, moja baada ya nyingine.

Mama wa Galway alikuwa anamwangalia. Akamgusa begani.

"Unaizungusha vibaya, mwanangu," alisema. "Tunakokwenda saa ziko mbele, siyo nyuma."

"Najua, mama," alisema Dervla.

Mishale ikafika saa moja na nusu jioni, saa za Dorchester, saa za gari lenye ngazi juu lililokuwa linarudi nyumbani na kiti kimoja kitupu. Akaubonyeza msumari ukaingia, akashusha mkono wa sweta, akaifunika.